Ngazi ya Kumi na Saba

Uchovu wa kazi naujua, nimeulea mwenyewe.
Miaka ishirini nimeanika dagaa Igombe,
mgongo umepinda toka alfajiri hadi kunguru waage,
na usiku nikiulaza, unalala.
Ule una adabu. Unakula ugali, unaoga, kesho haupo.

Huu mwingine naamka naukuta
umeshavaa viatu.

Nyumba yetu iko juu ya mawe, Igogo,
ngazi sitini na moja toka barabarani,
nyingine saruji, nyingine jabali tupu.
Sikujua ni sitini na moja hadi mwaka huu.
Mwenye nguvu hahesabu ngazi.
Ya kumi na saba iko mlangoni kwa mama Nyanzobe;
hapo nakaa, najifanya natoa kijiwe kwenye kandambili.
Anasogeza kigoda. Haulizi.

Titi limekwenda. Dripu zimekwisha.
Nywele zimerudi, laini kama za kichanga.
Shemeji Lugembe anasema, "Sasa umepona,"
kama mtu anayefunga duka.
Basi mbona sufuria ya mchele
naishika kwa mikono miwili?

Sista Holo wa kliniki, pale Bugando, hakunipa pole.
Alinipa kalamu.
"Wewe mfanyabiashara. Mzigo ukipungua,
unalia, au unapekua daftari?"

Nikapekua.

Jumanne: joto limenipanda saa nane usiku,
shuka limeloa kama limevuliwa ziwani.
Ni kile kidonge kinachoifungia homoni mlango.
Kinanilinda, sikatai,
ila usingizi nao kimeufungia nje.

Alhamisi: wamepima damu. Nane.
Nilicheka, jamani. Nane!
Kumbe nimekuwa napanda mlima na ndoo isiyojaa.

Ijumaa: sijagusa kitu, nimelala kutwa.
Nimechoka kuliko Alhamisi. (Hapa niliweka alama ya kuuliza.)

Jumapili: Minza amekopa kikoba kulipa ada ya mdogo wake.
Hakuniambia; ukuta umeniambia.
Deni hilo nimelilipa kwa kichwa, usiku kucha,
na asubuhi lilikuwa vilevile.

Nilikuwa natafuta mwizi mmoja, nimkamate shati.
Kumbe ni gunia lenye matundu,
na kila tundu, ukilitazama peke yake,
ni dogo mno kuitwa mwizi.

Mengine tumeziba. Vidonge vya damu,
matembele mpaka meno yakawa ya kijani;
damu imefika kumi na moja.
Sista akasema, "Tembea kidogo kila jioni."
Nikadhani ananidhihaki:
aliyechoka aambiwe atembee!
Lakini hurudisha kitu. Chenji, si mtaji.

Tundu moja halijaonekana.
Daktari alivua miwani, akasema
kuna miili inayobaki na makaa chini ya jivu
matibabu yakiisha, na hawajui vizuri kwa nini.
Siku hiyo nilimpenda.
Wote kabla yake walikuwa na jibu.

Minza sasa hasemi tena, "Mama, jikaze."
Alisoma daftari nikiwa bafuni, najua,
ukurasa wa Ijumaa umekunjwa pembeni.
Anapandisha madumu mawili, na midomo yake
inacheza: arobaini, arobaini na moja.

Jumamosi nilimsalimu mama Nyanzobe nikapita.
Nilifika ya ishirini na tatu.
Haina mlango pale, haina kigoda.
Nikakaa juu ya jabali, lilikuwa bado na joto la mchana.
Nimeandika: 23.
Mbele yake, pale pa sababu,
nimeacha wazi.

Chini kule kigoda kilikuwa bado nje.